Barakoa, glavu, mashine au karai la maji: fundi wa dohani aanze na kinga ipi?

Mwaka 1892 daktari mpasuaji Henry Butlin wa London alifanya ulinganisho ambao kila anayegusa masizi kwa ajili ya riziki yake anapaswa kuufahamu. Alitaka kujua kwa nini wafagia dohani wa Uingereza, yaani wasafishaji wa mabomba ya moshi, walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya pumbu, ilhali mafundi wa kazi hiyohiyo upande wa bara la Ulaya, wakiwamo wa Ujerumani na Ubelgiji, hawakuonekana kuipata kwa wingi huo. Tofauti aliyoiona ilikuwa ya mavazi na maji. Wale wa bara walivaa nguo zilizobana shingoni, mikononi na miguuni hata masizi yakakosa pa kupenya, na walioga mwili mzima baada ya kazi. Waingereza walivaa nguo zilizolegea, na wengi wao walikaa na uchafu wa kazi mwilini kwa siku nyingi kabla ya kuoga.

Swali la fundi wa leo linakaribiana na lile la Butlin, ila sasa madukani kuna vitu vingi zaidi. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja au viwili anunue barakoa nzuri, glavu, ovaroli, au mashine ya kuvuta vumbi? Na kijana anayekwenda Ujerumani kujifunza ufundi huu kwa miaka 3, kama wanavyokwenda sasa vijana wa Kenya katika fani mbalimbali baada ya makubaliano ya ajira ya mwaka 2024 kati ya nchi hizo mbili, atazame nini katika karakana kabla ya kuamua kubaki hapo? Nitazilinganisha kinga hizi moja kwa nyingine, na nasema mapema kwamba naona mafundi wengi huzipanga kinyume: huanza na barakoa na kuishia hapo hapo.

Adui mwenyewe

Masizi si kaboni tupu. Kuni, makaa ya mawe au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha, sehemu ya moshi hugeuka kuwa haidrokaboni za pete nyingi, yaani kemikali ambazo molekuli zake ni pete kadhaa za kaboni zilizoshikana. Zilizo nyepesi huelea kama mvuke. Zilizo nzito, kama benzopireni, hujishikiza kwenye chembe za masizi na kusafiri nazo. Benzopireni yenyewe haiumi wala haiwashi. Inapoingia mwilini, vimeng'enya vinavyojaribu kuiyeyusha ili itoke na mkojo huigeuza kuwa umbo linalojibandika kwenye DNA, na hapo ndipo madhara huanza, pengine miaka 20 au zaidi kabla ya uvimbe kuonekana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeyaweka masizi yanayomfikia mfagia dohani kazini katika kundi la 1, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani, na limetaja saratani ya ngozi na ya mapafu kuwa zimethibitika.

Aliyeuona uhusiano huu kwanza alikuwa Percivall Pott, mpasuaji wa London, mwaka 1775. Wagonjwa wake walikuwa watu wazima waliopandishwa ndani ya dohani wangali watoto, wakiwa karibu uchi, katika mapito ambayo mengine yalikuwa na upana wa sentimita 23 tu. Pott alisema masizi yalikuwa yakijilimbikiza katika mikunjo ya ngozi ya pumbu. Sheria dhidi ya kuwatumia watoto zilitungwa moja baada ya nyingine tangu mwaka 1788 bila kutiliwa nguvu, na ile iliyoikomesha desturi hiyo ilipitishwa mwaka 1875, mwaka ambao mtoto George Brewster alikufa baada ya kunasa ndani ya dohani huko Cambridgeshire. Napenda majina kama lake yakumbukwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu masizi tumejifunza katika miili ya watoto wasioulizwa.

Mtu asidhani kwamba mambo hayo yameisha. Nchini Sweden watafiti wamefuatilia wafagia dohani zaidi ya 6000 kwa kumbukumbu za saratani za miaka 1958 hadi 2006, wakakuta saratani kuwa nyingi kuliko zilivyotarajiwa, zikiwamo za mapafu, umio na kibofu cha mkojo, na uvutaji wa sigara peke yake haukutosha kueleza ziada hiyo. Utafiti mwingine wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 ulipima mkojo wa mafundi wa sasa na kukuta mabaki ya kemikali hizi hadi mara 7 kuliko kwa watu wa kazi nyingine. Hao ni mafundi wa nchi tajiri, wenye barakoa, glavu na bafu, na kwa hiyo inafaa kuuliza kemikali hizo zilipitia wapi.

Puani au ngozini?

Jibu lenye uzito zaidi ninalolijua halitoki kwenye dohani bali kwenye tanuri za koki za Uholanzi, ambamo makaa ya mawe huokwa bila hewa yawe fueli ya viwandani, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walibandika vipande vya kunasa kemikali kwenye ngozi za wafanyakazi huku wakipima pia hewa waliyoivuta. Walikadiria kwamba, kwa wastani, robo tatu ya pireni iliyoingia mwilini mwa wafanyakazi hao ilipitia ngozini. Pireni ni ndugu wa benzopireni na hutumiwa kama kipimo cha kundi zima. Tanuri ya koki si dohani, na uwiano hauwezi kuwa uleule kila mahali, lakini funzo lake kwa fundi ni zito, kwamba barakoa bora kabisa huenda inalinda mlango mdogo huku mlango mkubwa ukiachwa wazi.

Ngozi nayo haifanani mwili mzima. Ya kiganja ni nene na hupitisha kidogo. Ya shingo, ya kope na ya mapajani ni nyembamba zaidi. Ya pumbu hupitisha kemikali kwa wepesi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Ongeza joto, jasho na msuguano wa nguo, na utaelewa kwa nini ugonjwa aliouona Pott ulianzia pale ulipoanzia.

Brashi mkononi au mashine yenye kifyonza

Kabla ya kulinganisha mavazi, linganisha namna ya kufanya kazi, kwa sababu masizi yasiyoruka hayahitaji kuzuiwa. Njia ya zamani ni kusukuma brashi kutoka juu ya paa au kutoka mekoni, kuyaacha masizi yaanguke, kisha kuyazoa kwa koleo na ufagio. Ni njia rahisi, haihitaji umeme, na fundi mzoefu huimaliza upesi, lakini kitendo cha kuzoa huliinua tena vumbi laini ambalo lilikuwa limekwisha kutulia. Njia ya pili ni kuuziba mdomo wa meko kwa pazia, kuingiza fimbo zinazozungushwa kwa mashine kupitia tundu dogo, na kuwasha kifyonza vumbi wakati huohuo ili hewa iwe inaingia ndani badala ya kutoka. Anayeweza kuchagua achague hii ya pili bila kusita.

Tahadhari iko kwenye kifyonza chenyewe. Kile cha nyumbani hunasa punje kubwa na kuzitoa zile laini kwa nyuma, yaani kinazigawa chumbani zile ambazo hufika ndani zaidi ya mapafu. Kwa masizi kinatakiwa kifyonza cha daraja H, ambalo chini ya viwango vya Ulaya huzuia 99.995% ya vumbi. La daraja M huzuia 99.9%. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa macho, lakini kinachopenya katika daraja M ni mara 20 ya kinachopenya katika H. Hata kifyonza kizuri kina saa yake mbaya, nayo ni ya kubadilisha mfuko: fundi aliyejilinda siku nzima huvua barakoa, akafungua tangi na kukung'uta kichujio kwa mkono mtupu. Mfuko wa kufungwa kabla ya kutolewa una thamani kuliko tangi kubwa lisilo na mfuko. Na jivu lenye makaa yaliyo hai lisivutwe, maana linaweza kuwasha moto ndani ya mashine.

Fueli nayo hubadilisha kazi, ingawa fundi mara nyingi haichagui yeye. Makaa ya mawe laini na kuni mbichi zinazofukuta usiku kucha huacha lami nata yenye kemikali nyingi. Kuni kavu, zenye unyevu usiozidi 20%, zikiungua kwa mwali mkali huacha kidogo. Mafuta mazito huongeza metali kama nikeli na vanadi. Gesi huacha masizi machache mno. England ilipiga marufuku uuzaji wa kuni mbichi kwa mafungu madogo kuanzia Mei 2021, kwa ajili ya hewa ya mitaani, lakini mafundi wa dohani wamo miongoni mwa watakaofaidika nayo.

Barakoa

Kitambaa kilichofungwa puani hakifai, wala barakoa ya hospitali haifai, kwa kuwa zote huacha pengo pembeni na hewa hupita pale penye upinzani mdogo. Zinazostahili kulinganishwa ni zile za kuchuja chembe. Kwa viwango vya Ulaya, FFP1 huchuja angalau 80%, FFP2 94% na FFP3 99%. Hayo ni matokeo ya maabara. Uingereza, ikihesabu uvaaji halisi kazini, huichukulia FFP2 kuwa inapunguza vumbi unalolivuta hadi sehemu moja ya 10, na FFP3 hadi sehemu moja ya 20. Kwa masizi chukua FFP3. Ya Marekani iitwayo N95 iko karibu na FFP2, na P100 ndiyo iliyo juu.

Barakoa ya mpira inayofunika pua na mdomo, yenye vichujio vya P3 vinavyobadilishwa, huhesabiwa kulinda sawa na FFP3, lakini kwa fundi wa kila siku naipendelea: hukaa imara usoni, huoshwa, na gharama yake baada ya miezi kadhaa huwa ndogo kuliko kutupa barakoa kila siku. Udhaifu wa zote mbili ni ndevu. Hata ndevu za siku mbili huinua ukingo wa mpira kutoka kwenye ngozi, na kwa yule ambaye ndevu zake ni sehemu ya dini yake au ya heshima yake, jibu la haki ni kofia yenye feni inayosukuma hewa iliyochujwa usoni, si kumwambia anyoe au aache kazi. Kofia hizo ni ghali na betri zake ni nzito juu ya paa, lakini hulinda pia macho na shingo, na pumzi haichoki.

Kuna mambo mawili ambayo kichujio cha chembe hakiyawezi. Hakizuii mvuke wa zile kemikali nyepesi. Mahali penye harufu kali ya lami panahitaji kichujio cha pamoja cha A2P3, chenye mstari wa kahawia na mweupe. Na hakuna kati ya hivyo vyote kinachozuia kaboni monoksaidi. Fundi anayeingia kwenye chumba cha boila ambayo ingali na makaa awe na king'ora cha gesi hiyo kifuani, kwa kuwa haina harufu na huua kabla ya kichwa kuuma sana.

Glavu, nguo na karai la maji

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami zaidi, kwa sababu vitu hivi ni rahisi kupatikana na ndivyo vinavyodharauliwa.

Glavu za pamba hunyonya masizi na kuyashikilia dhidi ya ngozi pamoja na jasho. Baada ya wiki moja ni afadhali mkono mtupu unaooshwa kila saa. Glavu za ngozi hulinda dhidi ya mikwaruzo na joto, na kwa sababu hiyo mafundi huzipenda, lakini nazo hunywa lami na haziwezi kuoshwa ikatoka. Glavu nyembamba za nitrili, aina ya mpira wa kiwandani, hazipitishi masizi, ila huchanika zikigusa matofali. Uchaguzi wangu ni kuzivaa zote mbili: nitrili ndani, ya kutupwa kila baada ya nyumba moja au mbili, na ya ngozi juu yake kwa ajili ya kazi ngumu. Mkono ukichoka kwa joto, vua zote mahali pasafi, osha, kausha, uvae nyingine. Usirudishe mkono uliokwisha kuchafuka ndani ya glavu safi, kwa maana hapo umejifungia adui ndani.

Ovaroli ya kipande kimoja ni bora kuliko koti na suruali, kwa sababu haina mwanya kiunoni. Iwe imebana shingoni na vifundoni, na chini yake ivaliwe chupi safi kila siku, shauri ambalo Butlin angelikubali. Ovaroli za kutupwa huzuia vumbi vizuri lakini huraruka kwenye paa. Za kitambaa kizito hudumu, mradi zifuliwe na mwajiri au na dobi wa viwandani. Fundi anayepeleka ovaroli nyumbani humpelekea mwenzi wake na watoto kile alichojikinga nacho kutwa, kwanza kwenye kiti cha gari, kisha kwenye kochi, kisha kwenye beseni la nguo za mtoto.

Kuhusu kuosha, linganisha vitu vitatu ambavyo nimeona watu wakivitumia. Petroli, mafuta ya taa na thina huondoa lami kwa dakika moja, na hiyo ndiyo hatari yake: huondoa pia mafuta ya asili ya ngozi na kuyeyusha kemikali za masizi, zikawa tayari kupenya. Sabuni zenye mchanga husafisha, lakini zikitumiwa kila saa hukwaruza ngozi. Maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa kurudia mara mbili, huchukua muda mrefu zaidi na ndiyo njia salama. Losheni ya kawaida baada ya kazi hurejesha ngozi iliyokauka. Saa ya kuosha ina maana kuliko aina ya sabuni. Osha kabla ya kula na kabla ya kuvuta sigara, kama bado unavuta, na wanaume waoshe mikono kabla ya kwenda haja ndogo, si baada yake tu. Desturi hii moja, isiyogharimu kitu, inalenga mahali palepale ambapo wagonjwa wa Pott walidhurika. Mwili mzima uoshwe siku hiyohiyo kabla ya kupanda kitandani.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kwa anayejifunza kazi Ulaya, uchaguzi wa vifaa si mzigo wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu vitu vinavyosababisha saratani kazini inamtaka mwajiri apunguze kwanza vumbi lenyewe, kisha atoe mavazi ya kinga, mahali tofauti pa kuweka nguo za kazi na za nyumbani, na mahali pa kuogea, bila kumtoza mfanyakazi. Kwa hiyo ukilinganisha karakana mbili, usiangalie mshahara peke yake. Omba kuonyeshwa bafu na makabati. Karakana yenye makabati mawili kwa kila fundi na bafu lenye maji ya moto naiweka juu ya ile yenye barakoa za bei kubwa na fundi anayerudi nyumbani mweusi kwa basi. Uliza pia kama hupima mkojo. Kipimo cha haidroksipireni, yaani umbo ambalo pireni hulichukua mwilini kabla ya kutoka na mkojo, ni rahisi, na kwa kuwa nusu ya kemikali hiyo hutoka mwilini kwa muda usiofika siku mbili, sampuli ifaayo ni ya mwisho wa zamu, mwishoni mwa wiki ya kazi; ya Jumatatu asubuhi itakupa faraja ya uongo.

Afrika Mashariki hatuna wafagia dohani wengi, lakini masizi tunayo: kwenye maboila ya kuni ya viwanda vya chai, kwenye tanuri za mikate, kwenye mabomba ya moshi ya shule zinazopikia mamia ya wanafunzi. Kazi ya kuyakwangua hupewa kibarua wa siku, mara nyingi bila chochote. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamfunga mwajiri amlinde naye. Mwenye tanuri asiye na fedha za kifyonza cha daraja H na afuate mpango huu: moto uzimwe hadi tanuri lipoe kabisa, masizi yanyunyiziwe maji kidogo kabla ya kuzolewa ili yasipae, mbali na nyaya za umeme, kibarua apewe FFP3 moja kwa siku, glavu za nitrili ndani ya nzito, ovaroli inayobaki kazini, na ndoo mbili za maji ya vuguvugu pamoja na sabuni na nusu saa ya kuoga iliyolipwa. Fedha zikipungua, naanza kukata kwenye ubora wa ovaroli. Maji, sabuni na glavu sivikati.

Aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi, hata akiwa ameiacha zamani, ajikague ngozi mara kwa mara, ya pumbu ikiwamo, na asione haya. Chunjua linalokua, kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au damu kwenye mkojo apeleke kwa daktari, na atakapoulizwa kazi yake aitaje ile ya zamani pia, kwa kuwa daktari hatauliza habari za masizi kwa mtu ambaye leo ni mlinzi au mwenye duka.